Sahani Mbili za Plamedi

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Asifiwe na wenye roho nyeupe, halafu asifiwe na sisi wenye wivu pia, maana kama angengoja kwanza tutakasike, mimi nisingesimama hapa mbele yenu leo.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Plamedi, mshonaji, naishi hapa hapa Tshopo, upande ule ambao maji yakijaa mtoni unayasikia ukiwa jikoni. Mume wangu anasafiri na mashua za mizigo. Akiondoka hatujui atarudi lini, na akirudi tunamshukuru Mungu. Kwa hiyo kiwanjani tunabaki watatu: mimi, binti yangu Plamedi, na wifi yangu, dada ya mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Tantine Bea, yaani Shangazi Bea. Ndiye yule anayekaanga mikate mbele ya lango letu, yale maandazi ya mviringo ambayo ninyi nyote mnayapenda, msijifanye hamjui. Yeye hakujaliwa mtoto. Ndoa yake ilivunjika kwa sababu hiyo, akarudi kwa kaka yake, akapewa chumba cha ng'ambo ya kiwanja. Amekaa pale karibu na dirisha, amevaa gauni nililomshonea mimi. Tantine, usiinamishe kichwa. Leo nitakutaja sana.

Ndugu zangu, mimi nina wivu. Sisemi nilikuwa nao, nasema ninao. Nilipojifungua Plamedi niliugua vibaya, nikalala kitandani bila nguvu, na mtoto akalelewa mgongoni mwa Tantine Bea. Yeye ndiye aliyempikia uji, akauonja, akaupoza, akamlisha. Siku niliyopata nguvu ya kumpakata mwanangu, mtoto alilia, akamnyooshea yeye mikono. Niliyemzaa ni mimi, halafu ananikimbia kama muuguzi mwenye sindano! Nilicheka siku ile ili watu wasione. Lakini wivu ulioniingia siku ile haukuondoka.

Basi nikaanza kumrudisha mwanangu kwa chakula. Mtoto anafuata mkono unaomlisha, ndivyo nilivyofikiri. Nilimpikia lituma, zile ndizi zetu za kutwanga, zikiwa laini na moto, na samaki juu yake. Nilikaa mbele yake nikamwangalia mpaka sahani ikang'aa. "Nani anapika vizuri?" namuuliza. "Mama!" Hapo moyo wangu unatulia. Lakini akimaliza anavuka kiwanja, anaingia kwa tantine yake, na huko nako kuna sahani. Maharage, sombe ya majani ya muhogo, mikate ya moto. Huko nako anaulizwa swali lile lile, na najua anajibu nini, kwa sababu nilikuwa nasimama nyuma ya ukuta nikisikiliza.

Akirudi, namwita. "Njoo nikuone." Simwoni, namnusa. Ndugu zangu, nilikuwa nanusa mdomo wa mtoto wangu kama mume anayenusa nguo za mkewe! Nikisikia harufu ya mafuta ya mikate, nampakulia tena. Sikusema ni kwa ajili ya nini. Nilisema, "Kula mwanangu, ukue." Naye alikula. Alikuwa mtoto wa kukubali.

Mtaa ulitusifu. Si mnajua sisi wenyewe? Mtoto akinenepa tunasema papa yake ana mkono mzuri, mama yake anajua jiko. Wakimsifu mbele yangu nafurahi. Wakisema, "Tantine yake anamtunza kweli," siku yangu imeharibika, hata cherehani inakata uzi.

Mimi ni mshonaji, kwa hiyo mwili wa mwanangu niliujua kwa sindano. Sketi yake ya shule niliifungua pembeni, nikaiongeza, nikaifungua tena. Nilijiambia anakua. Siku moja nimeigeuza niifungue, nakuta imekwisha kufunguliwa na kushonwa kwa mkono, kwa uzi mweusi juu ya kitambaa cha bluu, mishono mikubwa imepinda kama njia ya panya. Tantine Bea! Mtoto alibanwa na sketi, akaenda kwake kumwambia, hakuja kwangu, kwangu mimi mwenye cherehani! Nililia palepale juu ya sketi. Na oneni nilivyokuwa kipofu: sikulia kwa sababu mwanangu sketi imembana. Nililia kwa sababu ya uzi. Niliufumua wote saa ile ile.

Wakati huo Plamedi alikuwa akichoka kabla ya wenzake kuanza kuchoka. Alipanda ngazi za shule akishika ukuta. Magoti yalimuuma. Wenzake walimwita Camion, yaani lori, na wakicheza kuruka kamba yeye alipewa kazi ya kuishika tu. Akilia nampa kitu mkononi: andazi, ndizi, sukari kwenye kikombe. Ananyamaza. Na kwa tantine yake ni hivyo hivyo. Mtoto yule alifuta machozi yake kwa chakula mpaka ikawa kila akihuzunika mkono unatafuta sufuria.

Halafu akaanza kula kwa kujificha. Jirani mmoja alimkuta nyuma ya jiko lake anakomba sufuria ya maharage iliyobaki. Angekuwa mwembamba wangesema maskini, ana njaa. Lakini mtoto mnene, ametoka kula kwao, anakomba sufuria ya watu? Ndugu zangu, mnajua katika mji wetu neno gani linafuata. Mimi nimelisikia likisemwa kwa watoto wa watu wengine, na nilikuwa natikisa kichwa na kuendelea na safari yangu. Sasa likaja kukaa langoni kwangu. Wakasema mtoto ana ndoki, yaani uchawi. Wakasema anakula na haijulikani anamlisha nani.

Nikaogopa. Nikampeleka kwenye chumba cha maombi, si hapa kanisani kwetu, kule mbali ambako hakuna anayenijua. Ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali. Mama mwombezi alimwangalia mwanangu kutoka kichwani hadi miguuni, hakumsalimia. Akaniambia mimi:

"Mama, huyu mutoto iko na kitu ndani. Anakula, hashibi. Benzake banakula naye. Tutamubakiza hapa. Hatakula, hatakunywa maji, mpaka ile kitu itoke."

Plamedi alinishika kitenge. Mama mwombezi akasogea karibu yangu, akashusha sauti.

"Bon, sasa fikiri bien. Ndoki inaingiaka na chakula. Nani alimupatia chakula? Sema jina."

Jina! Ndugu zangu, jina nilikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni tayari, na nitasema kweli mbele ya Mungu, lilikuwa tamu. Nani alimlisha mwanangu uji wa kwanza? Nani ana mikate kila asubuhi? Nani hana mtoto wake mwenyewe? Kila kitu kilikubaliana. Neno moja tu kutoka kwangu, na Bea angetupiwa vyombo vyake barabarani, hata kaka yake angerudi akute yamekwisha. Na sijui kama vijana wa mtaa wangemwacha salama, ninyi mnajua wanavyofanya. Kiwanja kingebaki changu. Mtoto angebaki wangu peke yangu. Nilifungua mdomo.

Mtoto akanitangulia.

"Ni bo bote babili," Plamedi akasema. "Mama na tantine. Kama nabakisha ya mama, mama anakunja uso. Kama nabakisha ya tantine, tantine analia. Njo maana nakula yote. Tumbo inauma, lakini hakuna mutu analia."

Haleluya! Ndugu zangu, nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo Bwana aliponishika. Mama mwombezi alikuwa anatafuta jina la mtu mmoja, na mtoto alikuwa ametaja langu kwanza. Mwanangu hakuwa anakula kwa njaa, wala hakuwa anamlisha yeyote wa gizani. Alikuwa analisha wivu wangu! Alikuwa anabeba amani ya kiwanja kizima tumboni mwake, kijiko kwa kijiko, na mimi mama yake nilikuwa karibu kumfungia ndani bila maji kwa kosa la kututii.

Nilimshika mkono. Mama mwombezi akaniuliza, "Unaenda wapi? Hatujamaliza!" Nikamwambia sisi tumemaliza. Tulitoka, na nje tulipanda toleka, baiskeli moja kwa wawili, mwenye toleka akinung'unika njia nzima, mpaka nyumbani. Tantine Bea alikuwa anakaanga langoni. Nilimwambia yote mbele ya mafuta yake yanayochemka, hata lile jina nililokuwa nalo mdomoni. Niliona uso wake ukibadilika. Aliondoa sufuria motoni kwanza, kwa sababu yeye hawezi kuunguza kitu hata akifa. Halafu akaniuliza jambo moja tu:

"Mama Plamedi, ungesema?"

Nikamjibu, "Sijui." Nisingeweza kumdanganya. Akavua aproni yake.

"Alors twende hospitali, sisi bote. Mutoto alisema tumbo inamuuma."

Hivi ndivyo alivyo Tantine Bea. Unamwambia ulitaka kumwangamiza, yeye amesikia tu kwamba mtoto ana maumivu. Ndugu zangu, nilimwonea wivu hata hapo! Nilisema moyoni, mbona mimi sikusikia neno hilo la tumbo kwanza?

Kwenye kituo cha afya tulikuta muuguzi mmoja mama wa makamo. Alimpima Plamedi, akampima damu, akamtazama magoti. Halafu akatutoa nje sisi wawili na kuzungumza na mtoto peke yake, muda mrefu. Sisi tulikaa kwenye benchi kama wanafunzi waliofukuzwa darasani, kila mmoja akijiuliza mwenzake anasemwa nini mle ndani. Alipotuita alisema:

"Bamama, huyu mutoto hana ndoki. Iko na bamama babili, lakini tumbo iko moja."

Hakumpa dawa. Nilimwomba aandike hata vidonge, nirudi na kitu mkononi, akakataa. Hakusema pia mtoto anyimwe chakula. Alisema mtoto anayenyimwa anajifunza kuiba na kujichukia, na huyu wetu alikuwa amekwisha kuanza. Alisema kazi ni yetu sisi. Mpike chungu kimoja. Mle pamoja, wakati mmoja, mmekaa. Mtoto ajipakulie mwenyewe. Akimaliza msimsifu, akibakiza msimuulize. Akilia asipewe andazi, aulizwe kwanza ana nini. Asiitwe mnene hata kwa utani, wala na ninyi wala na papa yake akirudi. Na atembee, acheze, aruke, si kama adhabu, bali na mtu anayempenda. Kisha akatuambia neno lililonikata: "Mutoto anaangaliaka kwanza uso yenu, mbele ya kuangalia sahani. Mutengeneze uso kwanza."

Chungu kimoja! Ndugu zangu, ninyi wake wenye wifi nyumbani mnanielewa. Afadhali angeniambia nifunge na kuomba mlimani. Jiko la nani? Nani anatia chumvi? Siku za kwanza tulikuwa wawili juu ya sufuria moja, yeye anakoroga, mimi natamani kumnyang'anya mwiko. Akiongeza pilipili, naona ananitukana. Nikipunguza mafuta, anaguna. Niliomba, "Bwana, nipe upendo." Nikafikiri tena, nikaomba kidogo zaidi: "Bwana, nipe tu kunyamaza mpaka tule." Ombi hilo alilijibu.

Na uso je? Mimi nina kile kioo kirefu cha wateja wanaojaribu nguo. Nilikuwa nasimama mbele yake mchana wateja wakiwa hawapo, nawaza mwanangu anabakiza lituma yangu, najitazama. Paji la uso linajikunja lenyewe! Nalinyoosha kwa kidole. Midomo inabana, naiachia. Nilifanya mazoezi ya uso kama mwanakwaya anavyofanya sauti. Tantine alinikuta siku moja. Nilidhani atanicheka, kumbe akaja akasimama kando yangu na yeye akajaribu wa kwake, kwa sababu yeye ugonjwa wake ni machozi. Tulisimama pale wanawake wazima wawili, mmoja anajifunza kutokunja, mwingine anajifunza kutolia, mpaka tukaangua kicheko. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu aingie kiwanjani.

Msidhani ilikuwa rahisi. Plamedi mwenyewe hakutuamini. Alijipakulia nyingi, akala yote, jicho moja kwangu na jingine kwa tantine. Na jioni moja alirudi shuleni analia. Alinipita mimi kwenye cherehani yangu, hakusimama, akaenda moja kwa moja ng'ambo. Wivu ukaniinua kwenye kiti. Nikasimama mahali pangu pa zamani, nyuma ya ukuta. Nikasikia mtoto analia kwa kwikwi. Nikasikia kifuniko cha beseni la mikate kinafunguliwa. Nikasema moyoni, sasa nimemkamata!

Kifuniko kikafungwa.

"Keti hapa," Tantine akamwambia. "Nani alikufanya nini?"

Na mtoto akamwambia yote. Habari ya Camion, habari ya kamba anayoshikishwa, habari ya vicheko. Sikuwa nimewahi kusikia maneno hayo, ndugu zangu. Mimi niliyasikia kupitia ukutani kwa sababu kila alipolia mbele yangu nilimziba mdomo kwa ndizi. Roho iliniuma vibaya. Nilitaka kurudi kwenye cherehani yangu nikasirike vizuri. Lakini miguu ilizunguka ukuta, nikaingia, nikakaa chini upande wa pili wa mtoto. Hakuna aliyenifukuza. Kesho yake Tantine alinunua kamba, na jioni mimi na yeye tukawa tunaizungusha, mmoja huku mmoja kule, Plamedi anaruka katikati. Majirani walitoka kutazama. Waliokuwa wamesema ndoki walitoka nao, wengine wakaja na watoto wao, nao wakaruka.

Sasa nimalize. Siku moja mchana tulikuwa tunakula. Lituma niliitwanga mimi, mchuzi wa samaki aliupika Tantine. Plamedi alijipakulia, akala, akaongea habari za mwalimu wake, akala kidogo tena, halafu akasukuma sahani.

"Nimeshiba," akasema, na hakutuangalia usoni, si mimi wala tantine yake. Alinyanyuka, akachukua kamba, akatoka akikimbia.

Tukabaki wawili na ile sahani. Mchuzi ulikuwa umekwisha. Samaki amekwisha, imebaki miiba. Lituma yangu ilikuwa pale, nusu nzima! Ndugu zangu, wivu ulinichoma kama sindano ya cherehani. Ya kwake amemaliza, ya kwangu ameiacha! Paji la uso likaanza kujikunja, kazi yote ya kioo inaharibika. Tantine Bea akaiangalia sahani, akaniangalia mimi. Macho yake yalijaa maji.

"Ya kwako njo amebakisha," akasema polepole. "Kwako haogopi tena. Miye bado ananiogopa."

Bwana asifiwe! Ndugu zangu, niliiangalia tena ile lituma iliyobaki. Mwanangu alinipa zawadi ambayo sijawahi kupewa: alinibakizia chakula na hakuogopa kwamba nitaacha kumpenda. Na wifi yangu ndiye aliyeiona kabla yangu, akanionea wivu, na hata hivyo akanionyesha. Nilimshika mkono, nikamwambia, "Ngoja tu, na ya kwako ataibakisha." Na juma lile lile aliibakisha, sombe nzima, nikafurahi karibu kama vile ni mimi niliyebakiziwa.

Plamedi hajawa mwembamba, na sisi hatumwombi awe mwembamba. Magoti hayamuumi. Anapanda ngazi za shule bila kushika ukuta. Sketi yake mpya upindo aliushona Tantine Bea kwa mkono wake. Umepinda, na mwanangu anaivaa hivyo hivyo, mimi sikuufumua. Muuguzi bado anatuita, na bado tunakwenda, sisi wote watatu.

Wewe mama uliyekaa hapa, ambaye mtoto wako anakula bila kushiba na watu wameanza kukunong'oneza jina: usilitaje! Usimfungie mtoto. Muulize analishwa nini, muulize ana huzuni gani, mpeleke kituo cha afya, na umtumaini Mungu aliyenifunga mimi mdomo kwa mdomo wa mtoto. Aliyenitendea mimi, mwenye roho hii mnayoijua, hatashindwa na wewe.

Baada ya ibada kuna chakula pale nje. Mkimwona Plamedi anabakiza, nyamazeni tu.

Tantine Bea, simama watu wakuone. Na wewe Plamedi mwanangu, simama. Hapana, usije hapa kwa sababu nimekuita. Simama mahali unapotaka wewe.

Haya. Amekwenda kwa tantine yake. Ndugu zangu, semeni amina haraka, kabla uso wangu haujaharibika!